Tulipu juu ya shina lisilo lake

SWALI: Assalaam aleikum mwalimu. Mimi ni mdarizi wa kanzu na nguo za harusi, niko Mombasa. Binti yangu alinipakulia picha ya karatasi ya zamani kutoka tovuti ya jumba la makumbusho la Ulaya, imeandikwa karne ya 17. Kuna jani kubwa linalojikunja kama pembe ya kondoo dume, na ndani ya kila mkunjo limechanua ua: tulipu, waridi, na mengine siyajui. Yote yametoka kwenye shina moja! Mmea huu upo kweli? Halafu upande wa kulia haufanani na wa kushoto, kama kwamba mchoraji alichoka njiani. Nataka kuutumia kwenye darizi. Nifuate upande upi, na je, ninaruhusiwa?

JIBU: Waaleikum salaam dada. Mmea huo haupo, haujapata kuwapo, na aliyeuchora alilijua hilo vizuri kuliko mimi na wewe. Maua yake ni ya kweli. Mtunza bustani wa wakati ule angeyataja moja baada ya moja kwa majina, na pengine kwa bei. La kubuni ni shina. Wala mchoraji hakuchoka. Ule upande wa kulia aliuacha tofauti kwa makusudi, na alimfikiria mtu kama wewe.

Nianzie hapo, kwa sababu ukielewa karatasi ile ilikuwa ya kazi gani, mengine yatafuata. Usiitazame kama picha ya kutundika ukutani. Ulaya ya karne ya 17, enzi ya mtindo unaoitwa Baroko, kulikuwa na biashara kubwa ya karatasi za nakshi. Mchoraji alichonga mchoro wake kwenye bamba la shaba, bamba likapakwa wino na kufutwa, wino ukabaki ndani ya mistari tu, kisha karatasi yenye unyevu ikalazwa juu na vyote vikapitishwa kati ya rola mbili za mbao zenye kubana sana. Chapa hizo ziliuzwa kwa seti ndogo, mara nyingi karatasi sita, na wanunuzi walikuwa masonara, maseremala, wachonga mawe, wafumaji wa mazulia, mafundi wa kupamba bunduki na wadarizi. Jean Lepautre wa Paris, aliyefariki mwaka 1682, peke yake alichonga zaidi ya mabamba 2,000, na sehemu kubwa ni mapambo ya aina hii: dari, vasi, fremu, na mikanda mirefu ya majani yanayojiviringa. Fundi wa mji mdogo ambaye asingefika Paris maishani mwake aliweza kujua Paris wanachonga nini mwaka huo.

Karatasi hizo zilitumika mpaka zikaisha. Zilibandikwa mezani, zikakatwa, zikamwagikiwa gundi. Njia mojawapo ya kuhamisha mchoro ilikuwa kutoboa matundu ya sindano kufuata mistari, kisha kupitisha unga wa mkaa juu yake ili nukta zishuke kwenye kitambaa au ubao ulio chini. Ndiyo maana seti nyingi zimepotea kabisa, na nakala nyingine zilizosalia ukiziinua kwenye mwanga utaona matundu. Wenye makumbusho huziita zimeharibika. Mimi huzipenda hizo kuliko zile safi.

Sasa upande wa kulia. Bamba la shaba ni ghali na kulichonga kunachukua siku nyingi, kwa hiyo mchoraji alikuwa na hila: kwenye pambo lenye pande mbili, alichora wazo moja kushoto na wazo jingine kulia. Fundi anachagua upande anaoutaka, anaugeuza, anapata pambo kamili. Karatasi moja, miundo miwili. Chukua kioo kidogo kisicho na fremu, kisimamishe wima kwenye mstari wa katikati wa karatasi yako, na uso wake uelekee kushoto. Utaona pambo zima la kushoto. Kigeuze kielekee kulia, utaona jingine. Upande upi ufuate? Wowote, ila usishone pande zote mbili kama zilivyo. Nimewahi kuona mto uliodariziwa hivyo, kazi safi ya mikono, na kila aliyeutazama alidhani mshonaji amekosea.

Tuje kwenye maua. Mwanzoni mwa karne ya 17 Ulaya ilishikwa na homa ya bustani. Tulipu zilikuwa zimefika kutoka himaya ya Waturuki katika karne iliyotangulia, na pamoja nazo hiasinthi, anemone na lile ua refu lenye taji la kengele zinazoning'inia, fritilaria. Miaka ya 1590 mtaalamu wa mimea Carolus Clusius alipanda tulipu kwenye bustani ya chuo kikuu cha Leiden. Miaka arobaini baadaye Waholanzi walikuwa wakiuziana kitunguu kimoja cha ua hilo kwa bei ya kutisha, mpaka soko lilipoporomoka Februari 1637. Matajiri walitaka maua yao yachorwe, maana ua la bustani linaishi wiki moja. Zikatoka albamu za maua zilizochapwa kwa shaba. Kubwa kuliko zote ni ile ya mwaka 1613 iliyosimamiwa na mfamasia Basilius Besler, ya bustani ya askofu wa Eichstätt huko Ujerumani. Ina mabamba 367, na baadhi ya maua yamechapwa kwa ukubwa wake halisi.

Ndani ya albamu za namna hiyo lipo ua moja la njano la duara ambalo Wazungu waliliita ua la Afrika. Hulijui kwa jina hilo kwa sababu halikutoka Afrika. Lilitoka Mexico. Wao walidhani limepitia Tunis, jina likaganda hadi leo.

Lakini albamu inayokuhusu wewe hasa ni ya Pierre Vallet, ya mwaka 1608, juu ya maua ya mfalme Henri wa 4 wa Ufaransa. Vallet hakuwa mtaalamu wa mimea. Alikuwa mdarizi wa mfalme. Malkia Marie de Médicis na mabibi wa baraza lake walikuwa wakidarizi, walihitaji maua mapya ya kufuatisha, na mtunza bustani Jean Robin alikuwa na bustani yenye mimea migeni. Vallet akaenda na karatasi yake, akachora, akachonga. Wanahistoria wa mimea leo wanakisoma kitabu hicho kujua mmea gani ulifika Paris lini, nao wana haki yao, lakini kilitoka kwenye mkono wa mtu wa sindano na kikatumikia watu wa sindano. Mimi nikitazama petali zake naona mishono.

Wachoraji wa nakshi waliazima maua kutoka albamu hizo bila haya. Walilikata ua kwenye shina lake la asili, wakaliacha shina kitabuni, wakalileta ua peke yake. Wala hawakujali majira. Kwenye karatasi yako tulipu ni ya masika ya Ulaya, waridi ni la mwanzo wa kiangazi. Katika bustani ya kule kabla ya majokofu na ndege zisingekutana vizuri kwenye chombo kimoja. Kwa mtu wa Pwani hili si la kushangaza sana. Kikuba nacho kinafunga pamoja vitu vilivyoota mbali mbali, na hakuna anayeuliza asumini na rehani zimetoka shina gani.

Kwa nini basi wasichore shada tu, au maua yaliyotawanyika? Wengine walifanya hivyo. Lakini anayepamba ukingo wa sahani au mkanda wa mlango ana nafasi ndefu na nyembamba ya kujaza, na maua yaliyotawanyika yanaonekana kama yameanguka. Anahitaji kitu cha kuyabeba, kitu chenye mwendo. Hapo ndipo linapoingia lile jani lako la pembe ya kondoo.

Jani hilo ni akanthasi. Mmea wenyewe upo, unaota pembezoni mwa Bahari ya Kati, una majani mapana yaliyokatika katika pembeni kama msumeno. Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi, anasimulia kwamba msichana wa Korintho alifariki, yaya wake akaweka vitu alivyovipenda ndani ya kikapu juu ya kaburi na kukifunika kwa kigae. Chini palikuwa na mzizi wa akanthasi. Masika yalipokuja majani yakapanda kuzunguka kikapu, yakafika kwenye kigae, yakalazimika kujikunja. Mchongaji Callimachus akapita, akaona, akatengeneza kichwa cha nguzo kwa mfano huo. Hadithi tamu. Mwaka 1893 Alois Riegl, aliyekuwa akitunza vitambaa kwenye jumba la makumbusho huko Vienna, aliikataa. Alionyesha kwamba jani hilo la nakshi lilikua polepole kutoka kwenye mapambo ya kale ya Wagiriki yenye umbo la kuti, sio kutoka kwenye mmea wowote uliookotwa makaburini. Nipo upande wa Riegl, ila hadithi ya kikapu bado naisimulia darasani.

Riegl alionyesha na jambo jingine ambalo wewe, unayepita kila siku mbele ya milango ya nakshi, utalithamini. Mzabibu na akanthasi ya Wagiriki na Warumi ilirithiwa na pande mbili. Mafundi wa dunia ya Kiislamu waliichukua, wakaikamua umbile la mmea hadi ikabaki jani lililogawanyika na mwendo usio na mwisho. Wazungu nao walibaki na jani lenye nyama. Kisha karne ya 16 Ulaya ikaazima tena ile ya Kiislamu kupitia vitambaa, vyombo vya shaba na majalada ya vitabu, wakaiita moreski. Mwaka 1530 Francesco Pellegrino alitoa Paris kitabu kizima cha michoro ya namna hiyo kwa ajili ya wadarizi na wafumaji, na kwenye jina lake alikiri wazi kuwa ni mtindo wa Kiarabu na wa Kiitalia. Kwa hiyo ukihisi kwamba karatasi yako na nakshi ulizozizoea zinajuana, hukosei. Ni watoto wa ndugu waliolelewa nyumba mbalimbali.

Katika karatasi za Baroko akanthasi imenenepa. Majani yana uzito, yanapinduka yakaonyesha upande wa chini, na wakati mwingine yanazaa viumbe. Stefano della Bella wa Firenze, aliyekaa Paris kwa takriban miaka kumi kuanzia 1639, alichora mikanda ambamo watoto na mbwa wa kuwinda wanachomoza katikati ya majani. Hiyo nayo ni kazi ya akanthasi: kwa kuwa si mmea wa kweli, inaweza kuchipua chochote. Ikichipua mbwa, tulipu itashindikanaje?

Masonara walikuwa na njia yao. Hao walifanya kazi kwenye nafasi ya ukubwa wa ukucha, na akanthasi nene isingeingia. Miaka ya 1620 na 1630 wakapenda nakshi iliyotokana na maganda ya njegere: ganda jembamba lililopinda, punje zake ndani zikipungua ukubwa kuelekea ncha. Kwenye chapa zao mchoro mara nyingi ni mweupe juu ya weusi au mweusi juu ya weupe, kivuli tupu, kwa sababu fundi angechimba dhahabu na kujaza enameli, yaani unga wa kioo cha rangi unaoyeyushwa tanurini, mahali penye weusi. Jean Toutin, sonara wa Châteaudun, alichapa karatasi kama hizo mwaka 1618 na 1619, na chini ya nakshi akaweka vijipicha vya karakana, fundi yuko mbele ya tanuri lake. Toutin huyo huyo anatajwa kuwa mwanzilishi wa kupaka rangi za enameli juu ya dhahabu kama unavyopaka picha, karibu na mwaka 1630. Mbinu hiyo ilipokubali, njegere zikaondoka, maua kamili yenye rangi yakarudi. Huko Blois mafundi wa saa za mfukoni walifunika kasha zima kwa tulipu na anemone, na karibu mwaka 1680 Jean Vauquer wa mji huo alitoa kitabu cha maua ambacho kichwa chake kinasema moja kwa moja kuwa ni kwa masonara na wachongaji.

Sehemu kubwa ya vito hivyo haipo tena. Dhahabu haina huruma: mtindo ukibadilika inayeyushwa. Mwaka 1689 mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa mwenyewe aliyeyusha samani za fedha za kasri lake la Versailles kulipia vita. Kilichogharimu kidogo kuliko vyote, karatasi, ndicho kilichobaki.

Kuelekea mwisho wa karne maua yakaanza kujitegemea. Jean-Baptiste Monnoyer, aliyezaliwa Lille mwaka 1636, alipaka maua Versailles na kwenye miundo ya mazulia ya ukutani ya Gobelins, karakana ya kifalme huko Paris, kisha akachapa vikapu na mashada makubwa ambamo hakuna akanthasi kabisa. Petali zinaanguka, shina limevunjika, ua jingine limekupa kisogo. Ni kazi nzuri kuliko zote za aina yake, na ngumu kuliko zote kwa mdarizi. Usianze nayo.

Ruhusa unayo. Wachongaji wale wamekufa zaidi ya miaka 300 iliyopita. Makumbusho ya Rijksmuseum ya Amsterdam na Metropolitan ya New York, kuanzia 2017 kwa hiyo ya pili, wanaachia picha za kazi zilizokwisha kuwa mali ya umma zipakuliwe na zitumike hata kwa biashara. Kwenye ukurasa wa kazi yenyewe tafuta alama ya CC0 au maneno yanayosema ni mali ya umma. Ukiona chini ya chapa yenyewe maandishi kama "Avec privilege du Roy", usiogope, hiyo ni marufuku ya mfalme kwa wanakili wa wakati wake. Nao hawakuiogopa sana. Walifuatisha chapa moja kwa moja kwenye bamba jipya, na kwa kuwa chapa hugeuza picha, nakala ya wizi mara nyingi inatoka imegeuka kama kwenye kioo. Maneno mengine yatakusaidia kujua nani alifanya nini: baada ya jina, "invenit" ni aliyebuni, "sculpsit" ni aliyechonga, "excudit" ni aliyechapisha na kuuza.

Sasa sindano. Mchongaji wa shaba hana rangi. Ana mistari tu, na kila alichofanya alikifanya kwa mistari. Angalia tulipu yako kwa kuikuza kwenye simu: nadhani ina michirizi. Tulipu za michirizi ndizo zilizopendwa na wanunuzi wakati ule (karne ya 20 iligundulika kuwa michirizi hiyo ni ugonjwa, kirusi kinachoenezwa na vidukari), lakini naamini wachongaji walizipenda kwa sababu yao wenyewe. Tulipu nyekundu tupu ikichapwa kwa wino mweusi inakuwa yai. Yenye michirizi inajieleza.

Tazama pia mistari ya kivuli ndani ya petali. Haikupigwa ovyo. Inaanza pale petali inaposhikana na kikonyo, inafuata mviringo wake, inaachana kuelekea ncha. Mstari wa burini, kile chuma kidogo kinachosukumwa kwa kiganja, unaanza mwembamba, unanenepa, unaisha mwembamba. Ndivyo uelekeze mshono wako wa kujaza: mrefu na mfupi, kutoka kwenye kikonyo kwenda nje, bila kukata mwelekeo. Kama mistari ya bamba ilichimbwa kwa asidi badala ya burini, mistari itakuwa myepesi zaidi, yenye unene ulio sawa, kama imeandikwa kwa kalamu. Hiyo ni rahisi zaidi kufuatisha.

Majani usiyajaze yote. Kanzu si dari ya Versailles. Punguza meno ya akanthasi, acha matatu kwa kila jani, na upande uliopinduka ushone kwa rangi ya chini kidogo. Ila sehemu moja usiiguse: kile kikombe kidogo cha majani pale tawi linapotoka kwenye tawi. Kila msokoto kwenye karatasi hizi unazaliwa kutoka kikombe hicho, unazunguka, na ua linakaa kwenye kitovu. Wapo wanaokiacha ili kuokoa muda, kisha wanashangaa mbona tulipu inaonekana imebandikwa.

Ukimaliza nitumie picha, na upande wa nyuma wa kitambaa pia. Huko nyuma ua litakuwa limegeukia upande mwingine, na hivyo ndivyo aliyelichonga alivyolitazama kwenye shaba siku zote za kazi yake.